Shamba la Nabothi katikati ya bahari



Mwezi wa Agosti uliopita, tulipomaliza sala ya shirika letu, kijana mmoja alisimama kutoa matangazo, na mwishoni akaongeza neno la kwake. Alisema kwamba siku ile ilikuwa kumbukumbu ya bomu la Hiroshima, na kwamba wakubwa wa dunia wanaotudharau wakumbuke kuwa vita vyao vilimalizwa kwa jiwe lililotoka Kongo. Watu walipiga makofi. Baadhi ya akina mama walipiga vigelegele. Nami, katekista wao, nilitabasamu nikanyamaza.

Tabasamu lile limenisumbua tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa katekista, na ninajua maneno ya kijana yule yalitoka wapi: yalitoka kwetu walimu. Kwa miaka mingi nimewasimamisha watoto darasani wataje kwa sauti moja shaba, kobalti, almasi, dhahabu, kasiteriti, koltani na urani. Na walipofika kwenye urani niliinua kidole nikawaambia kwamba bila Kongo bomu la atomiki lisingekuwapo. Niliwafundisha kujivuna. Sikuwafundisha kuuliza jiwe lile lilikwenda kwa nani, wala lilimfanyia nini. Leo nataka kusema waziwazi kwamba majivuno hayo ni dhambi, na kwamba sisi walei tuliokabidhiwa watoto tuna wajibu wa kuyaondoa vinywani mwao, kwa kuwa ni sisi tuliyaweka humo.

Tuanze na jiwe lenyewe. Shinkolobwe ni machimbo yaliyo karibu na mji wa Likasi, huko Katanga. Urani yake iligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuichimba mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya radiamu, iliyosafishwa huko Olen, Ubelgiji. Mawe yake yalikuwa na utajiri usio wa kawaida: mengine yalikuwa na oksidi ya urani kwa asilimia 65, wakati machimbo mengi duniani hayafikii hata asilimia moja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, na mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilitoka hapo, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa bado chimbuko kuu la urani ya Marekani. Sengier alivikwa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946, na aina moja ya madini ikapewa jina lake. Wanaume wa Katanga waliochimba na kubeba mawe hayo hawakupewa nishani, na majina yao hayamo katika vitabu tunavyofundishia.

Jiwe lile lilimfikia nani? Hiroshima iliungua tarehe 6 Agosti, siku ambayo Kanisa linaadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana na nuru ya mlimani. Siku tatu baadaye bomu la pili lililipuka juu ya Urakami, mtaa wa Wakatoliki wa Nagasaki, ambao wazee wao walikuwa wameitunza imani kwa siri kwa zaidi ya miaka 200 bila padre. Kanisani mapadre walikuwa wakisikiliza maungamo kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kati ya Wakatoliki 12,000 wa Urakami, takriban 8,500 walikufa. Nawauliza wale waliopiga makofi, na kwanza najiuliza mimi: tulikuwa tunawapigia nani makofi?

Hata hivyo mashtaka yangu makubwa hayahusu miji hiyo miwili, kwa sababu angalau majina yake tunayajua. Vita viliisha, mabomu hayakuisha. Na hapo ndipo simulizi letu linapokatika ghafla. Kuanzia 1946 hadi 1958 Marekani ililipua mabomu 67 ya majaribio katika Visiwa vya Marshall, kwenye Bahari ya Pasifiki: 23 Bikini, 43 Enewetak, na moja katika anga la jirani. Hakuna awezaye kusema ni bomu lipi lililobeba gramu ipi ya Shinkolobwe. Lakini tuliotamba kwamba bomu ni letu pale Hiroshima hatuwezi kulikana linapofika Bikini.

Sikilizeni jinsi lilivyofika. Dominika moja ya mwezi wa Februari 1946, watu wa Bikini walipotoka kusali, gavana wa kijeshi, Komodoro Ben Wyatt, aliwakusanya. Walikuwa Wakristu wa madhehebu ya Kiprotestanti, wasomaji wa Biblia. Aliwafananisha na wana wa Israeli ambao Bwana aliwaokoa na adui zao akawapeleka katika nchi ya ahadi, kisha akawaomba wakiache kisiwa chao kwa muda, kwa manufaa ya wanadamu wote na ili vita vikome. Chifu wao, Juda, alijibu kwamba wangekwenda, wakiamini kuwa yote yamo mikononi mwa Mungu. Mwezi uliofuata watu 167 walipakiwa melini na kupelekwa Rongerik, ambako njaa iliwapata. Mwaka 1948 wakahamishiwa Kili, kisiwa kisicho na wangwa wa kuvulia samaki.

Ninawafundisha wakatekumeni Maandiko kila wiki, na ninasema kwamba Komodoro yule alifungua ukurasa usiowahusu watu wale. Ukurasa wao ulikuwa sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake. Alitoa ofa nzuri: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Ndipo Yezebeli alipoandika barua na kuzitia muhuri wa mfalme. Angalieni barua hizo zilianza na nini: zilianza kwa kutangaza mfungo. Wizi wa shamba ulivikwa vazi la ibada. Na wazee wa mji, walioishi pamoja na Nabothi, walizisoma barua wakatenda kama zilivyoagiza.

Wengine watasema kwamba Nabothi aliuawa, hali watu wa Bikini walihamishwa tu na kulipwa. Wanaosema hivyo hawajui kilichotokea katika udongo. Tarehe 1 Machi 1954 lililipuliwa Bikini bomu la haidrojeni lililoitwa Bravo, lenye nguvu ya megatoni 15, mara elfu moja hivi ya bomu la Hiroshima na zaidi ya maradufu ya nguvu iliyotarajiwa. Matumbawe yaliyosagika yaliruka angani yakarudi kama majivu meupe juu ya kisiwa cha Rongelap, chenye watu. Watoto waliyachezea. Watu walianza kutapika, ngozi zikababuka, nywele zikanyonyoka. Nao hawakuondolewa mpaka siku mbili zilipopita. Wengi wa wale waliokuwa watoto wadogo siku hiyo walipata baadaye uvimbe wa tezi ya shingo. Mwaka 1957 waliambiwa warudi nyumbani, kuwa ni salama. Mwaka 1985 wakaondoka wenyewe, wakiwahofia watoto wao.

Watu wa Bikini nao waliahidiwa kurudi. Baadhi ya familia zilirejeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikapanda minazi, zikavuna, zikala. Mwaka 1978 ziliondolewa tena, kwa kuwa vipimo vilionyesha kwamba miili yao ilikuwa imejaa sesiamu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Sababu yake ni rahisi kuieleza, nasi walimu tuieleze. Udongo wa visiwa vya matumbawe ni wa chokaa, wenye upungufu wa potasiamu ambayo kila mmea unaihitaji. Sesiamu ya bomu inafanana na potasiamu, basi mnazi huifyonza kama chakula na kuiweka katika nazi. Kaa wa nchi kavu hula nazi. Mtu hula nazi na kaa. Sumu hii huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu, na miaka 30 mingine nusu ya ile nusu. Plutoniamu, iliyobaki katika mchanga wa Enewetak, huchukua zaidi ya miaka 24,000.

Kati ya 1977 na 1980 askari wa Marekani walikusanya sehemu ya udongo huo, zaidi ya mita za ujazo 70,000, wakautupa katika shimo lililochimbwa na bomu kwenye kisiwa cha Runit na kulifunika kwa kuba la zege lenye upana wa mita 115. Chini ya shimo hawakuweka sakafu yoyote. Maji ya bahari yanaingia na kutoka chini yake pamoja na kujaa na kupwa.

Sisi wa Bukavu tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi, kwa kuwa tunakitazama kisiwa kila asubuhi. Fikirini Idjwi. Fikirini mzee wa Idjwi aliyerudishwa nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Mgomba wake umezaa mkungu mkubwa, muhogo umekomaa, sombe ni mbichi, mawimbi ni yaleyale. Hakuna mlio wa bunduki. Hakuna kilichoungua. Kisha anakuja mtu mwenye chombo mkononi anamwambia: usile ndizi hizi, wala wewe wala wajukuu zako. Ardhi imesimama mbele yake kama maiti iliyovishwa vizuri. Hicho ndicho kilichotendeka katika shamba la Nabothi katikati ya bahari.

Wala wenyeji hawakukaa kimya. Visiwa vile vilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mfumo uleule ambao Ubelgiji iliutumia kuwatawala majirani zetu wa ng'ambo ya Ruzizi. Na mdhamini alikuwa ameahidi kulinda ardhi na afya ya wenyeji. Tarehe 20 Aprili 1954, wiki saba baada ya Bravo, watu wa Marshall, mtu wa elimu Dwight Heine akiwa miongoni mwao, walipeleka ombi Umoja wa Mataifa wakitaka majaribio yakomeshwe. Walieleza kwamba kwao ardhi inapita mahali pa kupanda na kuzika; ni uhai wao, na anayewanyang'anya ardhi anawanyang'anya na roho. Ni jibu la Nabothi neno kwa neno katika maana yake. Majaribio yaliendelea kwa miaka minne mingine. Baadaye mfuko wa dola milioni 150 ulianzishwa kwa ajili ya fidia. Mahakama ya madai iliamua kwamba wanastahili zaidi ya dola bilioni mbili, na mfuko ukakauka.

Najua pingamizi zitakazotolewa baada ya Misa, na sitaki kuzikwepa.

La kwanza: sisi tuna makaburi yetu, tena ya jana, tuna haja gani ya kulilia visiwa vya mbali? Ndugu, mwezi wa Februari 2023 Papa Fransisko aliketi Kinshasa akawasikiliza wahanga wa mashariki mwa Kongo, mmoja mmoja. Tulilia kwa shukrani kwamba mzee kutoka mbali ametusikia. Tunadai kila siku kwamba anayenunua simu Ulaya au Asia ajue koltani yake ilitoka wapi na iligharimu damu ya nani. Dai hilo ni la haki. Lakini likigeuzwa upande wetu tunalikimbia: jiwe letu lilikwenda wapi, na liligharimu uhai wa nani? Asiyetaka kuulizwa swali hilo ameshapoteza haki ya kuliuliza.

La pili: tulikuwa chini ya mkoloni, hatukuuza sisi, hatukulipua sisi, hatia yetu iko wapi? Pingamizi hili lina ukweli, na nalikubali nusu. Wachimbaji wa Shinkolobwe walikuwa wahanga, na sitakubali mtu yeyote awaweke katika kiti cha Yezebeli. Hatia ya mwaka 1945 si yetu. Dhambi yetu ni changa zaidi: ni ile ya kupiga makofi leo. Aliyelazimishwa kubeba jiwe hana lawama. Mjukuu wake anayelitambia jiwe lililoua anajiandikisha kwa hiari katika orodha ya wazee wa Yezreeli. Aidha, majivuno hayo yanawaibia wachimbaji wenyewe. Tukisema Kongo ilishinda vita, hatuulizi tena mapafu ya wale wazee yaliishaje, wala maji yaliyo karibu na machimbo yakoje.

La tatu: je, katekista anapinga sayansi? Hapana. Kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kwa juhudi za padre, Monsinyori Luc Gillon, mwanafizikia na mkuu wa chuo hicho cha Kikatoliki. Kanisa halijapata kuiogopa maarifa. Linachokataa ni silaha. Yohane wa XXIII alidai katika Pacem in Terris, mwaka 1963, kwamba silaha za nyuklia zipigwe marufuku. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani kuangamizwa kwa miji mizima. Na tarehe 24 Novemba 2019, akiwa Hiroshima, Papa Fransisko alisema kwamba hata kuzimiliki silaha hizo ni kinyume cha maadili. Mkatoliki anayejivunia bomu anajivunia kitu ambacho Kanisa lake limekwisha kukihukumu.

Basi tufanye nini? Toba isiyo na tendo ni kelele, kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, sisi walimu na makatekista tulisimulie jambo hili lote. Mtoto akitaja urani, ataje pia Urakami, Bikini, Rongelap na Runit. Na ataje wachimbaji wa Katanga.

Pili, mashirika yetu yaombe nia za Misa tarehe 6 na 9 Agosti, na tarehe 1 Machi, siku ambayo watu wa Marshall huwakumbuka wahanga wao. Mara nyingi tarehe hiyo ya Machi huangukia ndani ya Kwaresima, na hapo ni mahali pake.

Tatu, kupitia tume zetu za Haki na Amani tuidai serikali yetu. Kongo iliridhia mwaka 2022 Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ambao Vatikani iliuridhia siku ya kwanza kabisa ulipofunguliwa, tarehe 20 Septemba 2017. Mkataba huo unazitaka nchi kuwasaidia watu walioumizwa na matumizi au majaribio ya silaha hizo na kusafisha mazingira yaliyochafuliwa. Waliochimba hawatajwi. Ni nani atakayewasemea kama si Kongo? Machimbo ya Shinkolobwe yalifungwa wakati wa uhuru, na mashimo yakazibwa kwa zege. Wachimbaji wa mikono wakarudi kutafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 Rais aliyafunga kwa amri, na mwezi wa Julai mwaka uleule udongo ulibomoka ukaua watu wanane. Amri ya kufunga haisafishi udongo. Tudai mahali pale papimwe, pazungushiwe uzio, na watu wa vijiji vya jirani wapate uchunguzi wa afya, matokeo yasomwe hadharani kwa lugha wanayoielewa.

Nne, tuanze nyumbani. Koltani ya kwetu Kivu mara nyingi hubeba kiasi fulani cha urani na thoriamu. Si sumu ya Bikini, wala sitaki kuwatisha watu bure. Lakini nimeingia katika nyumba ambamo magunia ya madini yanalala chini ya kitanda cha watoto, na vumbi lake linafagiliwa kwa ufagio ule ule wa jikoni. Anayelia kwa ajili ya watoto wa Rongelap ayatoe kwanza magunia hayo chumbani.

Nabothi alipokwisha kufa, Ahabu aliondoka kwenda kulimiliki shamba, na Eliya akamkuta mle mle ndani ya mizabibu. Sisi hupenda kuishia kwenye maneno makali ya nabii. Lakini sura ile haiishii hapo. Hata Ahabu, mfalme mbaya kuliko wengi, alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Na safari hii mfungo ulikuwa wa kweli. Mungu akaliona jambo hilo.

Mwezi wa Agosti unaokuja, shirika letu litakapomaliza sala, nitaomba ruhusa nizungumze kabla ya matangazo. Nitawaambia kwamba mwaka jana nilitabasamu, na kwamba nilikosa. Kisha nitamwomba kijana yule, kama atakubali, asome majina ya visiwa vile kimoja kimoja, nasi tujibu baada ya kila jina: Bwana, utuhurumie.